Kabla hujasema "sawa, dokta"

Kaa asubuhi kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, katika kliniki yoyote ya magonjwa makubwa, utege sikio. "Umeelewa, mama?" "Nimeelewa, dokta." "Una swali lolote?" "Hapana, dokta, asante sana." Mlango unafunguliwa. Mama anatoka, faili kalikumbatia kifuani, anamtafuta binti aliyemsindikiza, na neno lake la kwanza ni hili: "Hivi amesema nini?" Binti hajui. Alikuwa kwenye foleni ya dirisha la malipo.

Mama huyo ameondoka nyumbani alfajiri kabla ya adhana. Amepita masjala kutafutiwa faili, amepimwa uzito na presha, amesubiri namba ya malipo iingie kwenye simu, kisha akasogea benchi kwa benchi mpaka jina lake likaitwa. Nusu siku imekwisha kwa ajili ya mazungumzo ambayo huenda yasifike dakika kumi. Na si kwetu tu. Mwaka 2017 jarida la BMJ Open lilichapisha utafiti uliokusanya takwimu za nchi 67 kuhusu muda ambao daktari wa huduma za msingi anakaa na mgonjwa mmoja. Sweden ilikuwa dakika 22 na nusu. Bangladesh, sekunde 48. Nchi ambazo kwa pamoja zina nusu ya watu wa dunia zilikuwa dakika tano au pungufu.

Dakika hizo hatutaongezewa kesho. Madaktari bingwa ni wachache, na wagonjwa wanatoka mbali. Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale ufukweni Dar es Salaam, kwa miaka mingi ilikuwa hospitali pekee nchini yenye tiba ya mionzi, na hata sasa ambapo hospitali ya Bugando nayo inatoa huduma hiyo kule Mwanza, mabenchi hayajapungua watu. Kinachoweza kubadilika ni namna mgonjwa anavyoingia chumbani: ameshika nini, ameongozana na nani, yuko tayari kusema nini. Na kwa maoni yangu kizuizi kikubwa hapo ni adabu yetu kuliko foleni.

Tumelelewa kwamba mtu mwenye elimu akishasema, kumuuliza mara ya pili ni kama kumwambia hajui kazi yake. Kwa hiyo tunaitikia. Tunaitikia hata jina la ugonjwa ambalo hatukulisikia vizuri, tunaitikia vidonge "viwili kutwa mara tatu" huku tukijiuliza kama ni kabla ya kula au baada. Daktari naye, akiona kichwa kinaitikia, anaamini ameeleweka na anamwita anayefuata. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Lakini malaria inaweza kustahimili mazungumzo ya namna hiyo, maana dozi ni ileile na imeandikwa kwenye pakiti. Saratani, figo zilizofeli, moyo uliotanuka, hizo ni safari za miezi na miaka. Leo unaonwa na daktari huyu, mwezi ujao na mwingine, na kila mara kuna uamuzi unaofanywa juu ya mwili wako.

Adabu yenyewe haihitaji kutupwa. "Dokta, pole na kazi. Samahani, hapo sijaelewa, naomba unirudishe nyuma kidogo." Sentensi hiyo ina heshima zote na bado imefanya kazi yake. Daktari ambaye ni mdogo kuliko wewe atakuamkia, utaitikia marahaba, kisha uulize. Sijaona daktari wa maana anayekasirikia swali. Nimeona wanaokasirikia hadithi ndefu isiyofika mwisho.

Hapo ndipo maandalizi ya usiku wa kuamkia kliniki yanapoanza kulipa. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa wao. Kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18, na waliowahi kumaliza maelezo yao ya mwanzo walikuwa wachache. Mwaka 2002 madaktari wa Basel, Uswisi, wakafanya kinyume: wakaambiwa wanyamaze, wamwache mgonjwa aseme mpaka amalize mwenyewe. Ungedhani asubuhi nzima ingeteketea. Wastani ulikuwa sekunde 92.

Dakika moja na nusu, basi. Ukiweza kuieleza hali yako ndani ya muda huo, utakuwa umesema yote kabla hujakatizwa au baada ya kukatizwa mara moja tu. Jaribu nyumbani, kwa sauti, mbele ya mtu. Wengi tunaanza mbali: tangu mwezi wa pili mwili haukuwa sawa, tukaenda zahanati, wakasema ni taifodi, halafu shemeji akatushauri. Yote hayo ni kweli, na yote yanaweza kungoja. Linalotangulia ni lililokuleta leo: "Tangu kemo ya mwisho nimetapika siku nne mfululizo, hata uji haukai. Vidole vya miguu vimekufa ganzi. Na usiku silali kwa maumivu ya mgongo." Hapo daktari ana vitu vitatu vya kushika, na vyote vitatu vina la kufanyiwa.

Maumivu yanastahili maneno zaidi. "Naumwa sana, dokta" haimsaidii sana, kwa kuwa kila aliyekaa kwenye benchi lile anaumwa sana. Kwenye huduma za tibashufaa, yaani zile za kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, hapa Afrika hutumika mkono: ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mtu asiyejua kusoma anaweza kuonyesha vidole vitatu asubuhi na vitano usiku. Kisha useme yanavyouma. Yanapwita? Yanavuta? Yanawaka moto, yanachoma kama sindano, yanaacha ganzi? Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, maana maumivu ya mshipa wa fahamu, yale ya kuwaka na ganzi, mara nyingi hutibiwa kwa dawa za aina nyingine kabisa na zile za kidonda au mfupa. Mwisho useme yanakuzuia nini. "Siwezi kulalia ubavu wa kulia." "Siwezi tena kuinama kusujudu." "Nimeacha kumbeba mjukuu." Mgonjwa akisema hivyo, daktari hulazimika kuandika.

Kuna yasiyosemeka. Mzee wa miaka sabini na ushee ana tatizo la tezi dume, mkojo unakuja kwa matone na siku nyingine na damu. Chumbani anamkuta daktari wa kike ambaye ni rika la mjukuu wake, na nyuma ya mlango kuna mkwewe. Mzee anasema kiuno kinamsumbua. Anaandikiwa dawa ya kiuno. Aibu hii haiondoki kwa kuambiwa asione aibu. Inapitwa pembeni: andika kwenye karatasi usichoweza kukitamka, umkabidhi daktari. Atasoma, atauliza maswali yake kwa sauti ya chini, na hakuna atakayelazimika kulisema neno. Au mwambie sista pale mapokezi, kabla hujaitwa, kwamba ungependa kuonwa na daktari wa kiume. Pengine haitawezekana siku hiyo, ila kuomba si kosa. Wanawake wanaoletwa na saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini, wanabeba mzigo huohuo, na wengi wamekaa na damu isiyo ya hedhi miezi kadhaa kabla ya kuisema popote.

Lingine linalofichwa ni dawa za asili. Mgonjwa wa saratani wa hapa kwetu ambaye hajapelekewa chupa ya mizizi na jirani, shangazi au mtu wa kanisani ni nadra. Madaktari wanalijua hili. Wanachotaka ni kujua ni kitu gani, tangu lini, kiasi gani, kwa sababu baadhi ya mimea huchosha ini au huharibu utendaji wa dawa za hospitali, na majibu ya damu yakija mabaya daktari atatafuta sababu mahali ambapo haipo. Weka kila unachomeza kwenye mfuko mmoja: vidonge vya presha, vya sukari, dawa za duka la pale mtaani, na ile chupa. Vimwage mezani. Unaweza kukemewa kidogo. Afadhali kukemewa.

Sasa suala la msindikizaji, ambalo nadhani familia nyingi hulikosea. Anayeingia na mgonjwa kwa kawaida ni mwenye uwezo, yule kijana wa mjini anayelipa nauli na vipimo. Ndiye anayejibu maswali. Mama anaulizwa "unapata choo?" na mwanawe wa kiume anasema "anapata". Anajuaje? Aliyelala chumba kimoja na mgonjwa, aliyemnyanyua saa nane usiku, aliyehesabu vijiko vya uji vilivyomezwa na vilivyorudi, kaachwa nje ashike mikoba. Mwenye pesa amekuwa ndiye mwenye mdomo. Mimi ningesema aingie anayeuguza, na kama ni lazima waingie wawili, wagawane kazi kabla: mmoja aandike, mwingine akumbushe maswali. Mgonjwa mwenyewe ndiye azungumze kwanza, hata kama anazungumza polepole.

Halafu kuna familia zinazomwahi daktari koridoni: "Dokta, tafadhali, baba usimwambie." Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini baba ameletwa Ocean Road, jina ambalo nchi nzima inajua linatibu nini, amekaa katikati ya watu wenye alama za mionzi shingoni, na mnaamini hajui? Mara nyingi anajua, naye ananyamaza ili asiwaumize ninyi. Nyumba nzima inabaki na siri ambayo kila mtu anayo. Njia iliyo rahisi zaidi ni mgonjwa mwenyewe kuliweka wazi mwanzoni. Wapo wanaosema, "Dokta, nieleze yote, nina mambo ya kupanga." Wapo wanaosema, "Mimi niambie dawa za kunywa tu, mengine mweleze binti yangu." Zote ni haki. Kosa ni mtu mwingine kumchagulia.

Na swali moja huwa linaachwa mpaka mgonjwa ameshasimama, mkono uko kwenye kitasa, daktari ameshashika faili la mwingine: "Dokta, hivi nitapona?" Kwa wakati huo jibu litakuwa "tumuombe Mungu, mama," na hakuna wa kulaumiwa. Lilete mwanzo. Sema tangu unapokaa kwamba una maswali matatu, na hilo liwe la kwanza. Liulize hivi: tiba hii niliyoandikiwa inalenga kuuondoa ugonjwa, au kuuzuia usiende mbio, au kupunguza maumivu? Daktari anaweza kulijibu hilo kwa ukweli bila kujifanya mtabiri. Na jibu lake linabadilisha mengi. Familia ambayo ingeuza kiwanja cha Chanika kwa ajili ya mzunguko mwingine wa kemo inaweza kuamua tofauti ikijua kwamba mzunguko huo ni wa kununua miezi, au ikaamua vilevile, lakini kwa kujua.

Kuandika maswali kabla si mbwembwe. Watafiti wa Sydney, Australia, waliwapa wagonjwa waliokuwa kwenye tibashufaa orodha ya maswali waisome kabla ya kumwona daktari, na matokeo yao ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba wagonjwa hao waliuliza zaidi ya mara mbili ya wenzao. Orodha ya wengine si lazima ikufae. Karatasi ya daftari inatosha, maswali matatu, lililo zito juu.

Ukisikia neno tibashufaa, usiinuke ukaondoke. Watu wengi hulichukulia kuwa ni hospitali kunawa mikono. Tibashufaa inaweza kwenda sambamba na kemo na mionzi tangu siku ya kwanza; kazi yake ni maumivu, kichefuchefu, usingizi, hofu na mizigo ya nyumbani. Hapo jirani, Uganda, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na akaanza kutumia morfini ya maji, unga unaoyeyushwa na kutiwa kwenye chupa, ambayo mgonjwa anainywa nyumbani kwake. Tangu mwaka 2004 wauguzi na maafisa tabibu wa huko waliosomea fani hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Kwa hiyo bibi kijijini halazimiki kuvumilia mpaka apatikane daktari. Nchini mwetu hospitali zenye kitengo cha tibashufaa nazo huitoa. Kama maumivu yamefika vidole vinne na bado unapewa panado, uliza kwa jina: "Je, morfini inanifaa?" Ukiipata, uliza na dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa morfini hufunga choo karibu kwa kila anayeinywa.

Pesa nazo zizungumzwe chumbani, si getini. Wagonjwa wengi huandikiwa kipimo, wakaenda dirishani, wakasikia bei, wakarudi nyumbani kimya, na daktari akidhani wametoroka tiba. Mwambie: "Hiki sina uwezo nacho leo. Kipi ni cha lazima kabla sijaanza dawa, na kipi kinaweza kusubiri?" Mara nyingi kipo kinachoweza kusubiri. Mwenye bima aulize kama dawa hiyo imo kwenye kitita chake kabla hajapoteza siku kwenye foleni ya dawa. Asiye na bima wala fedha aombe kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye ndiye anayeshughulikia msamaha wa malipo. Ofisi yake huwa nyuma nyuma, na haina kibao kikubwa. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji, usisubiri mpaka deni liwe limeshaandikwa.

Kuhusu kwenda kwa daktari wa pili kupata maoni, niseme kwa kifupi tu: si usaliti. Kenya imeitaja kuwa haki ya mgonjwa katika mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013. Usiende mikono mitupu, ukaanza vipimo upya. Omba nakala ya majibu ya kipimo cha kinyama, picha na sidii ya skani, utie kwenye bahasha ya kaki ambayo haitoki nyumbani bila wewe.

Sasa dakika za mwisho chumbani. Mwaka 2003 Roy Kessels wa Uholanzi alipitia tafiti za kumbukumbu za wagonjwa, akaeleza kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya anachosema daktari husahaulika papo hapo, na karibu nusu ya kinachokumbukwa hukumbukwa visivyo. Umri huongeza, hofu huongeza. Ukisikia neno "imesambaa," yote yanayofuata yanapita juu ya kichwa. Dawa yake ni kurudia kwa sauti: "Dokta, ngoja niseme nilivyoelewa. Narudi Jumatatu kupima damu, wingi wa damu ukiwa mzuri naanza mzunguko wa tatu, hiki kidonge cheupe nakunywa kabla ya kutapika si baada." Ukikosea atakurekebisha hapo hapo. Unaweza pia kuomba kurekodi kwa simu: "Kaka yangu yuko Tabora, angependa kusikia." Wengi hukubali. Asiyekubali mwombe akuandikie jina la ugonjwa na hatua yake kwa herufi kubwa.

Na usitoke bila kuuliza hili: nikipatwa na nini nisisubiri tarehe ya kliniki? Kwa aliye kwenye kemo, homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura. Dawa hizo hushusha chembe nyeupe zinazopigana na maambukizi, na homa ambayo kwa mwingine ni ya kulala na kuamka inaweza kumuua mgonjwa huyu ndani ya siku mbili. Haimezewi panado, mtu akajifunika shuka. Unakwenda usiku huohuo, na unamwambia wa mapokezi neno la kwanza kabisa kwamba uko kwenye kemo, ili usikae foleni na wenye mafua. Nyumba iwe na kipimajoto, na iwe na namba ya simu ya wodi au ya kliniki, imeandikwa mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne anaiona.

Ukishatoka, kaa kwenye benchi kwanza. Andika mlichokubaliana wakati sauti ya daktari bado iko masikioni: jina lake, dawa zilizobadilishwa, kipimo kinachofuata, wapi majibu yatachukuliwa na nani. Mwezi ujao utakutana na mwingine, faili linaweza kuwa limechelewa masjala, na karatasi yako ndiyo itakayomwambia mlipoishia. Kisha tazama tarehe ya kurudi kwenye kadi. Kama imeangukia Idi au Nane Nane, rudi dirishani ukabadilishiwe leo leo, kabla hujakata tiketi ya basi.